Siga zinazonukia keki: Baba anazitunza ziive, mtoto anaziona ni chakula

Jumapili moja saa nne asubuhi, mama wa watoto wawili anayeishi Tabata, Dar es Salaam, alikuwa uani akianika nguo. Mtoto wake mdogo, mwenye umri wa mwaka mmoja na miezi minane, alikuwa ndani na dada wa kazi.

"Mama, hii keki ya nani mtoto anakula?" dada aliita kutoka jikoni.

Nyumbani hakukuwa na keki. Mama alipoingia alimkuta mtoto amekaa sakafuni, kidevu kinachuruzika mate ya rangi ya chai ya rangi, na mkononi ameshika kipande cha kitu cha kahawia kilicholowa. Pembeni yake kulikuwa na kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana, mfano wa yale ya kuhifadhia viazi vya kukaanga na maandazi. Mfuniko ulikuwa umefunguka.

"Nilimnusa mdomo, nikasikia vanila. Nikapumua kidogo nikijua ni kitu cha kuliwa," anasimulia mama huyo, ambaye kama mumewe ameomba jina lisitajwe. "Nilipomtoa kile kitu mdomoni ndipo nikaona ni majani. Nikakumbuka kopo la baba yao."

Bibi wa mtoto, aliyekuwa amekuja kusalimia kutoka Morogoro, alikuwa tayari ameshika kikombe. "Mwanangu, mpe maziwa, yatakata sumu," alisema. Mama akampigia mumewe, ambaye alikuwa amepeleka gari kuoshwa. Mume alikaa kimya, kisha akauliza swali moja tu: "Kala kiasi gani?"

Hakuna aliyejua. Walichukua bajaji. Kabla hawajafika hospitali mtoto alishatapika mara tatu, amepauka na jasho linamtoka kama aliyekimbia.

Sanduku la Dubai

Kopo lile lilikuwa na historia ya miezi mitano. Baba wa mtoto hufanya kazi inayompeleka safarini mara kwa mara, na katika safari ya Dubai alinunua sanduku la siga 20, nusu zenye ladha ya vanila na nusu za kahawa. Si mvutaji wa kila siku. Alizinunua kwa ajili ya harusi ya mdogo wake, iliyokuwa imepangwa Desemba.

Mwenzake kazini alimwambia kwamba siga nzuri hazivutwi zikiwa mpya, bali hutunzwa, na kadiri zinavyokaa ndivyo zinavyokuwa laini. Basi akaanza kusoma. Alijifunza kuhusu unyevu, joto, masanduku ya mbao na vipakiti vya kutunza unyevu. Masanduku maalumu aliyaona ya bei, akatafuta njia ya wale wasio na uwezo huo, ambao hutumia kopo la plastiki lisilopitisha hewa. Alinunua kopo kwenye duka la vyombo, akapanga siga zake, akaweka kipakiti cha unyevu, akalificha kabati la chini jikoni, mahali penye baridi kidogo nyuma ya sufuria.

Kwa mtu anayejali siga, alifanya karibu kila kitu sawasawa.

Siga ni nini hasa

Wengi hapa nchini wanaijua siga kwa kuiona kwenye sinema: ile sigara nene ya kahawia anayoshika tajiri. Tofauti yake kubwa na sigara ya kawaida ni kwamba haina karatasi wala kichujio. Imesokotwa kwa majani ya tumbaku kuanzia ndani hadi nje. Majani hayo hukaushwa, kisha hulundikwa yachachuke kwa wiki au miezi, na ndipo husokotwa. Nchi zinazojulikana kwa kazi hiyo ni Cuba, Jamhuri ya Dominika, Nicaragua na Honduras. Afrika nayo imo, kwani jani la Cameroon limekuwa likithaminiwa kwa miaka mingi kama jani la nje la kufunikia siga.

Siga zenye ladha ni tawi lake la pembeni. Tumbaku hunyunyiziwa au kuwekwa pamoja na vanila, kahawa, cheri, asali, chokoleti au ramu mpaka harufu iingie kwenye majani. Baadhi huchovywa ncha ya mdomoni kwenye kitu kitamu, ili ulimi ukigusa tu usikie sukari. Wavutaji wazoefu wengi huzidharau wakisema zinaficha ladha ya tumbaku. Lakini mtu mgeni wa siga, anayetaka kuonja bila kukunja uso, huanzia hapo.

Neno "kuonja" ndilo linalowahusu wazazi, na tutalirudia.

Kwa nini zinatunzwa kama mtoto mchanga

Siga ni jani, na jani hunyonya na kutoa maji kulingana na hewa iliyolizunguka. Ikikauka hupasuka, huungua haraka na moshi wake huwa mkali. Ikilowa haiwaki vizuri na huota ukungu. Ndiyo maana kanuni ya zamani ya wapenzi wa siga ni kuziweka kwenye unyevu wa asilimia 70 na joto la nyuzi 21 za sentigredi. Siku hizi wengi hushusha unyevu mpaka 65.

Chombo cha kazi hiyo ni sanduku la mbao lenye kipima unyevu ndani, ambalo wenyewe huliita hiumido. Ndani hupakwa mbao za mwerezi wa Hispania. Jina hilo linadanganya mara mbili, kwa sababu mti wenyewe asili yake ni Amerika ya Kati na Kusini na visiwa vya Karibi, na kwa ukoo uko karibu na mkangazi kuliko mwerezi. Hata Tanzania upo. Watu wa misitu wanaufahamu kwa jinsi ulivyouvamia msitu wa Kimboza, mkoani Morogoro. Mbao zake hutoa harufu nzuri, hustahimili unyevu na huaminika kuwachukiza wadudu.

Sasa chukua siga hizo uzilete Dar es Salaam. Unyevu wa hewa hapa hupita asilimia 70 mara nyingi, na wakati wa masika huzidi 80. Joto la nyuzi 30 si habari. Ukiziacha kabatini hivi hivi, jani litavimba, na unyevu ukipita asilimia 75 au hapo, ukungu huanza kuota kama kwenye mkate uliosahaulika.

Halafu kuna mdudu. Ni mbawakawa mdogo wa kahawia, mwenye urefu wa milimita mbili au tatu hivi, ambaye wakulima na watunza maghala ya tumbaku wanamjua vizuri kwa hasara anazowaletea. Mayai yake huweza kuwamo ndani ya siga tangu kiwandani bila kuonekana. Joto likizidi kama nyuzi 24, huanguliwa. Mabuu hula jani kutoka ndani, na mdudu mzima hutoka kwa kutoboa tundu dogo la duara kama la sindano.

Mama wa nyumbani anapaswa kumjua mdudu huyu kwa sababu nyingine: hali tumbaku peke yake. Hula pilipili ya unga, bizari, unga, biskuti na nafaka kavu. Sanduku la siga lililopata wadudu karibu na viungo vya pilau halitaishia kuharibu siga tu.

Ili kuua mayai hayo, wenye siga huzifunga kwenye mifuko na kuziweka kwenye friza kwa siku tatu au zaidi, kisha huzihamishia kwenye friji kwa siku moja ili zisipasuke kwa kubadilishiwa joto ghafla. Kwa mtu mwenye friza moja nyumbani, maana yake ni kwamba tumbaku inalala pamoja na kuku, samaki na maziwa ya mtoto yaliyokamuliwa.

Harufu inayohama

Siga zenye ladha zina tatizo lake. Harufu haikai ndani yake, huhama. Siga ya vanila ikiwekwa sanduku moja na siga ya kawaida, baada ya wiki chache zote zitanukia vanila. Mbao za sanduku nazo hunyonya harufu hiyo na kuishika kwa muda mrefu, kiasi kwamba sanduku lililowahi kutunza siga za ladha wengine hulihesabu kuwa limeharibika kwa siga nyingine.

Kwa hiyo ushauri unaotolewa kila mahali kwa wanunuzi wa siga hizi ni kutotumia sanduku la mbao. Waziweke kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko wa mpira, au kopo la plastiki lisilopitisha hewa, kila ladha na chombo chake.

Ushauri huo ni sahihi kwa siga. Kwa nyumba yenye mtoto anayetambaa, huwezi kubuni mtego mbaya zaidi. Sanduku la mbao lenye kufuli na nembo linatangaza kwamba ndani kuna kitu cha wakubwa. Chupa ya kioo na kopo la plastiki ni vyombo ambavyo mtoto ameshajifunza maana yake: humo hutoka karanga, visheti, kashata. Ongeza harufu ya vanila kila kopo linapofunguliwa, na mtoto ana kila sababu ya kuamini kwamba ananyimwa kitu kitamu.

Baba wa Tabata anakiri hilo halikumjia akilini. "Niliwaza unyevu, niliwaza wadudu. Nilikuwa naangalia kila Jumamosi kama zinapata ukungu," anasema. "Na mtoto alikuwa ananiona. Kila Jumamosi alikuwa amekaa pale ananiangalia nafungua kopo, nanusa, nafunga."

Zikikaa, sumu hupungua?

Hapa ndipo mazungumzo ya siga huchanganya watu wengi, hata wasomi. Ni kweli kwamba siga iliyotunzwa kwa miezi au miaka huwa laini zaidi. Wakati wa kuchachuka, majani hutengeneza amonia, ile harufu kali inayowasha pua kama kwenye choo kisichosafishwa. Siga ikikaa, amonia iliyobaki hutoka taratibu, na ukali kooni hupungua. Mafuta ya asili ya majani nayo husambaa, ladha ikalingana.

Kwa siga zenye ladha hata faida hiyo ni ndogo. Vanila na kahawa ni harufu zinazopotea. Baada ya miezi kadhaa hufifia, na mwenye siga hubaki na tumbaku ya kawaida yenye utamu hafifu. Ndiyo maana wauzaji wengi husema siga hizo zivutwe mapema. Baba yetu wa Tabata alikuwa anasubiri ziive zile zisizohitaji kuivishwa.

Lakini ulaini usichukuliwe kuwa usalama. Kinachopungua ni kile kinachowasha. Nikotini haiondoki kwa kukaa kwenye kopo. Wala hazitoweki nitrosamini, kemikali zinazosababisha saratani ambazo hutengenezwa wakati wa kukausha na kuchachusha majani, na ambazo katika tumbaku ya siga huwa nyingi. Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani inaeleza kwamba kwa kila gramu ya tumbaku inayovutwa, siga hutoa lami yenye kusababisha saratani nyingi kuliko sigara.

Kuna na ile hoja ya kwamba moshi wa siga haumezwi. Ni kweli wengi huutema. Lakini moshi wa siga una hali ya ualkali, jambo linaloiwezesha nikotini kupenya kwenye ngozi laini ya mdomo bila kufika mapafuni. Saratani za mdomo, koo, zoloto na umio huwapata wavutaji wa siga wasiovuta moshi ndani. Na walio chumba kimoja naye, wao hawana namna ya kuutema, wanapumua. Siga kubwa huchukua saa moja hadi mbili kumalizika, na katika muda wote huo inatoa moshi sebuleni.

Hesabu ya kipande kimoja

Turudi kwa mtoto. Sigara moja ya kawaida ina tumbaku isiyofika gramu moja. Siga kubwa ina kati ya gramu 5 na 17, maana yake siga moja inaweza kubeba tumbaku ya pakiti nzima. Kwa nikotini, sigara nyingi zina kama miligramu 8 kila moja, ilhali siga kubwa zinazopendwa zina miligramu 100 hadi 200, na zipo zilizopimwa zikakutwa na 444.

Miligramu moja tu ya nikotini yaweza kumfanya mtoto mdogo achafukwe na kutapika. Si lazima ale siga nzima, basi. Kipande cha kutosha kujaza ncha ya kidole ni tatizo.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 katika jarida la Pediatrics ulipitia taarifa za vituo vya sumu vya Marekani kati ya mwaka 2006 na 2008, ukakuta watoto 13,705 walioripotiwa kula bidhaa za tumbaku. Zaidi ya asilimia 70 walikuwa hawajatimiza mwaka mmoja. Ni umri wa kutambaa na kutia kila kitu mdomoni, umri ambao wazazi wengi huamini mtoto hawezi kufika popote.

Kinachowaokoa wengi ni mwili wenyewe: nikotini huchochea kutapika, na tumbaku chungu hutemwa. Ladha tamu huondoa kinga hiyo ya pili. Mtoto anayetema tumbaku chungu hana sababu ya kutema inayonukia keki na yenye sukari kwenye ncha.

Dalili huanza mapema, mara nyingi ndani ya saa moja au moja na nusu. Mtoto hutapika, hutokwa na mate mengi na jasho, hupauka, mapigo ya moyo huenda mbio, hutetemeka au kukosa utulivu. Ikiwa amekula kiasi kikubwa, hali hugeuka: hulegea, husinzia, moyo hupungua kasi, anaweza kupata degedege na kupumua kwa shida. Mabadiliko hayo ya kutoka kuhangaika kwenda kulegea ndiyo ya kuogopwa. Mzazi anaweza kudhani mtoto ametulia.

Maziwa ya bibi

Bibi wa Morogoro hakuwa peke yake. Karibu kila familia ina dawa yake ya sumu: maziwa, mafuta ya kula, maji ya chumvi, mkaa uliosagwa, au kumtia mtoto kidole kooni. Hakuna hata moja kati ya hizo inayofaa kufanywa nyumbani. Mtoto anayelazimishwa kutapika au kunywa kitu huku anaanza kulegea anaweza kupaliwa, matapishi yakaingia mapafuni, na hapo tatizo moja huwa mawili. Mkaa unaotumika hospitali ni dawa maalumu, hautokani na jiko.

Kinachotakiwa ni kutoa kilichomo mdomoni kwa kidole kilichofungwa kitambaa safi, kumfuta midomo na mikono, na kumnawisha, kwa kuwa nikotini hupenya hata kwenye ngozi. Wakulima wa tumbaku wanalijua jambo hilo: kushika majani mabichi yaliyolowa umande huwaletea kizunguzungu na kutapika, na watoto wanaosaidia mashambani huumia zaidi. Baada ya hapo ni hospitali, haraka, mtoto akiwa amelazwa upande ikiwa anatapika au amepata degedege. Kama mtoto yuko macho na anameza vizuri, maji kidogo hayana ubaya.

Na beba kilichobaki. Kipande cha siga, kopo, karatasi yake. Mama wa Tabata alikuwa amekishika kile kipande mkononi njia nzima bila kujijua, na ndicho daktari alichokiomba kwanza. Akakilinganisha na siga nzima ambayo baba alikuja nayo baadaye, akakadiria kwamba kilichokosekana ni kama robo, sehemu kubwa ikiwa imeshatoka kwa mate na matapishi.

Mtoto aliwekwa chini ya uangalizi mpaka jioni. Walimpima mapigo ya moyo kila mara. Saa kumi na moja aliomba uji.

Si siga peke yake

Siga za ladha bado ni bidhaa ya wachache hapa nchini, zawadi za safari na vitu vya hoteli. Lakini tumbaku ya shisha, inayolowekwa kwenye asali au molasi na kunukia tufaha na zabibu, ni ndugu yake wa damu, na kopo lake linafanana na la jamu. Tanzania ilipiga marufuku shisha mwaka 2016. Kenya na Rwanda zikafuata mwishoni mwa 2017. Uganda ilikwisha kuikataza kwa sheria yake ya tumbaku ya mwaka 2015, pamoja na tumbaku zenye ladha. Marufuku haijamaliza makopo yaliyomo majumbani.

Upo pia ugoro wa babu, ambao hukaa kwenye kikopo cha dawa au cha kamera wa zamani, mara nyingi chini ya mto. Hauna vanila, lakini una nikotini ileile, na watoto wadogo hawachagui.

Nchi nyingine zilianza kwa kutazama ladha kama mlango wa vijana. Marekani ilipiga marufuku sigara zenye ladha mwaka 2009, isipokuwa menthol, lakini siga ikaziacha. Kilichofuata hakikuhitaji unajimu: siga ndogo za ladha, zinazouzwa mojamoja kwa bei ya chini, zikabaki kwenye rafu. Mwaka 2022 mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hiyo ilipendekeza kuzipiga marufuku nazo. Januari 2025 pendekezo hilo liliondolewa. Umoja wa Ulaya nao, katika maagizo yake ya mwaka 2014, ulizuia ladha kwenye sigara na tumbaku ya kusokota, siga zikaachwa nje.

Tanzania ina sheria ya bidhaa za tumbaku ya mwaka 2003 inayokataza kumuuzia mtoto wa chini ya miaka 18. Sheria hiyo haiwezi kuingia kabati la jikoni. Kijana wa miaka 14 hahitaji kwenda dukani ikiwa siga inayonukia chokoleti iko nyumbani na baba haizihesabu.

Kama lazima ziwepo

Mahali salama pa kuweka siga katika nyumba yenye watoto ni kutokuwa nazo. Kwa wanaozipokea kama zawadi na wasiotaka kuzitupa, lipo la kufanya, nalo halitaharibu siga hata moja.

Kwanza ni kufuli. Kopo lisilopitisha hewa linaweza kuwekwa ndani ya sanduku la chuma au droo yenye ufunguo, juu ya kimo cha mtu mzima, chumbani na si jikoni. Chumba cha ndani kisichopigwa na jua kina joto tulivu kuliko kabati la jirani na jiko, kwa hiyo hata siga zitafaidika. Kopo liwe na rangi au maandishi yasiyofanana na chombo chochote cha chakula nyumbani humo, na likitoka kwenye kazi hiyo lisirudi kuwekewa maandazi. Friza na friji zisitumike kabisa. Mwenye hofu ya wadudu atumie friza ya mahali pasipo na chakula cha watoto, au akubali hasara.

Vipakiti vya unyevu navyo ni sehemu ya hatari. Vingine vina maji ya chumvi, vingine ni sponji iliyolowekwa kwenye propilini glaikoli, na mtoto huvinyonya kama barafu za mfuko. Mabaki yana shida kubwa kuliko siga nzima: kipande kilichovutwa nikotini hujikusanya kwenye ncha iliyobaki, na kisahani cha majivu hukaa juu ya meza ya sebuleni, kimo kilekile cha mtoto anayejifunza kusimama. Kimwagwe mara moja, kwenye pipa lenye mfuniko, nje.

Na lipo moja ambalo halimo kwenye mwongozo wowote wa siga. Usifungue kopo mbele ya mtoto. Usimpe anuse, hata akiomba, hata akikuchekesha.

Nyumba ya Tabata

Jioni ile ya Jumapili, baada ya kurudi hospitali, mama aliweka kopo mezani mbele ya mumewe. "Baba watoto, hizi zitoke humu ndani leo," alisema. Mume aliomba zikae mpaka Desemba, akaahidi kufuli. Waligombana kwa sauti ya chini, kwa sababu bibi alikuwa chumba cha pili. Bibi aliwasikia. Alitoka, akachukua kopo, akalifunga kwenye kitenge chake.

"Nitakaa nazo mimi," alisema. "Harusi ikifika mtanikuta nazo Morogoro."

Harusi ilipita Desemba. Bibi alikuja nayo, likiwa limefungwa vilevile. Nne zilikuwa na ukungu, na tatu zilikuwa na vitundu vidogo vya duara. Zilizobaki, wajomba walizivuta nje ya ukumbi, karibu na geti, mbali na watoto. Bwana harusi alijaribu moja, akakohoa, akaizima. Vanila, wanasema, ilikuwa imeshakwisha.

Mtoto sasa ana miaka miwili na nusu. Mama yake akifungua kichupa cha vanila kuoka keki, hukimbia jikoni akinyoosha mkono. Mama amehamia kwenye iliki.